Ndege Aitwaye Nguzo ya Daraja

Kazi yangu yote nimeijenga juu ya samaki mmoja ambaye sijawahi kumla, katika lugha ambayo siwezi hata kuombea maji. Nikiulizwa harusini ninafundisha nini pale chuoni Nizwa, Omani, husema "lugha," na watu hutikisa vichwa kwa heshima wakidhani ni Kiingereza. Huwaacha na dhana yao. Ukweli unachosha zaidi: mimi ni mtaalamu wa historia ya sauti za lugha moja ndogo ya jamaa ya Kitai, jamaa ile ile ya Kithai na Kilao, inayosemwa katika mabonde ya kusini mwa Uchina. Huko nimefika mara moja, kwa siku tisa, na siku nne kati ya hizo nilikuwa naharisha.

Mtoto wa Ibra, aliyelelewa kwa Kiswahili cha Unguja na Kiarabu cha Sharqiyah, alifikaje huko? Kwa sababu isiyo na heshima yoyote. Nilipokwenda kusoma Ulaya, mwalimu wa Kiswahili alikuwa amekwisha jaza wanafunzi, na mwalimu wa Kitai hakuwa na hata mmoja. Angekuwapo mwalimu wa lugha ya pomboo ningejiandikisha kwake. Baadaye, katika barua za kuomba kazi, niliandika kwamba lugha hizo zilinivutia tangu utotoni. Wenye shahada wengi wameandika uongo wa namna hiyo, na baadhi yao wamekuja kuuamini. Mimi ni mmoja wao.

Habari za huyo samaki ni hizi. Zamani sana watu wa jamaa hiyo walimwita pla. Wathai mpaka leo wanamwita hivyo. Katika lugha yangu, nami naiita yangu kama kupe amwitavyo ng'ombe wake, siku hizi ni pa tu. Ile l imeanguka njiani. Si ajabu. Sauti huanguka na kugeuka katika lugha zote, na mtu wa Mombasa anayeniita kwa "ndoo" pale mimi ninapotarajia "njoo" hajakosea kitu. Swali ni lini ilianguka, na ni swali ambalo, nakiri, halijamkosesha usingizi mtu yeyote isipokuwa sisi watatu. Mmoja wetu amestaafu na anafuga nyuki. Wa pili yuko hai, yuko Ulaya, na ananichukia kwa maandishi, katika tanbihi. Wa tatu ni mimi.

Ushahidi wetu ni orodha za maneno. Dola ya Wachina ilikuwa na makarani wa tarjuma, nao kwa karne kadhaa waliandika neno la Kichina, na chini yake neno la wageni kwa herufi za Kichina zenye sauti inayokaribiana nalo. Mimi natumia orodha mbili. Moja ni ya kale, na ya pili imeandikwa kiasi cha miaka mia mbili baada yake. Katika zote mbili samaki ameandikwa kwa herufi mbili, moja ya sauti ya pa na nyingine ya la. Basi nikatangaza kwamba ile l ilikuwa bado hai wakati wa orodha ya pili, miaka mia mbili baada ya siku ambayo wale wenzangu wawili walikwisha kuizika. Hiyo ndiyo iliyokuwa tasnifu yangu, kisha makala yangu ya kwanza, kisha makala nyingine tano ambazo, ukizivua nguo, ni ile ile ya kwanza.

Wale makarani nilikuwa nikiwadharau. Niliwaona kama watu wa ofisini wa siku zote: chai, wino, usingizi baada ya chakula cha mchana, na wageni wamesimama mlangoni wakisubiri kuulizwa samaki wanamwitaje. Lakini niliwaamini masikio. Sikuona kwamba kuna kombo katika kumdharau mtu na kumwamini kwa pamoja.

Na palikuwa na ndege. Katika fungu la ndege, baina ya bata na njiwa, orodha zote mbili zina kiumbe ambaye jina lake kwa Kichina ni "nguzo ya daraja." Mtu wa akili ya kawaida angeona hapo pana kitu kimekosewa. Mimi nilikuwa na shahada. Niliandika kurasa nne kumweleza ndege huyo: kwamba lazima ni ndege wa majini, mwenye miguu mirefu, anayesimama mtoni bila kutikisika kama nguzo, na kwamba wenyeji walimpa jina hilo kwa jicho lao kali la kutazama maumbile. Nilitia hata mchoro wa korongo. Na hoja yangu kuu, niliyoiandika kwa herufi za mlalo ili isimpite mtu, ilikuwa kwamba ndege huyo anashuhudiwa na orodha mbili zilizopishana kwa karne mbili. Mashahidi wawili! Mahakama gani ingekataa?

Mwaka huu makala ya samaki na ndege ndiyo iliyokuwa moyo wa faili langu la kuomba kuwa profesa. Nilikuwa nimeomba mara mbili kabla na mara mbili nikarudishwa. Nina miaka hamsini na mbili, na watu wawili niliowafundisha mimi mwenyewe wamekwisha nipita. Mmoja wao hunishika bega tunapokutana kwenye lifti. Safari hii mkuu wa idara aliniambia wazi: makala ile ikikubalika nimepita, isipokubalika nisimsumbue tena. Kamati ilikuwa ikae Jumapili, saa tatu asubuhi. Nami, aibu hii bora niiseme mwenyewe, nilikuwa nimekwisha pima kwa rula kibao cha mlangoni nione kama neno jipya litaenea.

Kamati yenyewe nilikuwa naidharau kwa raha. Watu watano wasiosoma, wanaohesabu. Aliyenichekesha zaidi ni mzee mmoja wa Nizwa, mhakiki wa miswada ya fiqhi, ambaye kwa miaka thelathini hajafanya kitu ila kulinganisha nakala na nakala, mstari kwa mstari, kwa rula na penseli. Nilizoea kusema kwamba mzee huyo hajawahi kufikwa na wazo, na kwamba likimfika atalihesabia mistari. Watu walicheka. Mtu akichekewa na watu wavivu hujiona mcheshi.

Ijumaa kabla ya kikao nilikwenda Ibra kumwangalia shangazi yangu. Shangazi ana miaka themanini na kitu, na ndani ya nyumba yake ndipo kilipobaki Kiswahili chetu chote cha mjini Unguja, kama mafuta yaliyobaki chini ya chupa. Mwanawe hukielewa na kujibu kwa Kiarabu. Mke wa mwanawe, mwalimu wa kemia wa sekondari, mtu wa akili timamu, hakijui kabisa isipokuwa kupitia daftari la mkwe.

Daftari hilo inabidi nilieleze, kwa sababu ndilo lililonivunja. Familia zetu ziliporudi kutoka Unguja, vijana walioa mabinti wa huku bara ya Omani wasiojua neno la Kiswahili, na mama wakwe walikuwa hawana nia ya kuwaamrisha kwa lugha nyingine. Basi bibi mmoja wa Sur akaandika daftari: upande mmoja Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, upande wa pili maana yake kwa Kiarabu. Likaenda nyumba kwa nyumba, Sur, Ibra, Nizwa. Ikawa ada. Bibi harusi, kabla ya hina, hukaa na mke wa shemejiye au yeyote aliyemtangulia katika nyumba ile, akalinakili kwa mkono wake. Kulipiga picha kwa simu hakuhesabiwi. Ukoo utasema hadi siku ya kiama. Mama wakwe wengi wamekwisha kufa, lakini wasichana wa kazi kutoka Tanga na Mombasa wamekuja, na daftari limepata maisha ya pili. Sasa mkwe hulitumia kumwamrisha msichana.

Msichana wa shangazi ni mwanamke wa Handeni, mwenye watoto wawili kwao, na alikuwa na wiki tatu tu pale baada ya miaka miwili ya kazi Sur. Nilipofika alinipa shikamoo jikoni huku akikaza kilemba, nami nikaitikia na kukaa mlangoni na kikombe changu cha kahawa. Wali ulikuwa tayari. Mke wa binamu yangu akafungua daftari, akaweka kidole, akasema kwa sauti ya darasani:

"Yalla, jibi. Leta hii Jumatano fundi wa paa."

Mwanamke wa Handeni akamtazama. "Nilete nini, madam?"

"Jumatano fundi wa paa. Ile kubwa. Yake ya kupakua wali."

"Madam, leo Ijumaa."

"Mimi sijauliza siku! Nataka Jumatano fundi wa paa!"

"Na mimi fundi wa paa nitamtoa wapi, madam? Simjui hata mmoja hapa Ibra."

Shangazi akaita kutoka barazani. "We! Kuna nini huko? Wali utapoa."

"Bibi," mwanamke akajibu, sasa anauma mdomo asicheke, "madam anataka fundi wa paa aje kupakua wali. Na hata Sur nilikuta hivi hivi. Madam wa Sur naye alikuwa kila siku ananituma fundi wa paa. Mwezi mzima nilidhani ni mtu wao wa kupunga pepo."

"Wallah imeandikwa!" mke wa binamu yangu akasema, na akaja hadi barazani na daftari mkononi, uso umewiva, akamwekea shangazi magotini. "Mama, angalia. Sinia. Jumatano fundi wa paa. Upawa. Imeandikwa!"

Ilikuwa imeandikwa. Baina ya sinia na upawa palikuwa na maneno hayo, kwa wino wa buluu, mwandiko mzuri wa mwalimu, na upande wa pili maana yake kwa Kiarabu: mwiko mkubwa. Shangazi alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akacheka mpaka kanga ikamshuka begani.

"Masikini! Huyo ni yule bibi wa Sur, jirani yangu. Mwaka ule wa mvua nyumba yake ilivuja kama pakacha. N'nakumbuka. Kamngoja fundi wiki tatu. Basi kajiandikia apate kukumbuka, kaandika papo hapo kwenye daftari lake, maskini ya Mungu, na nyie wote mmemnakili na fundi wake!"

"Na mwiko?" aliuliza mkwe kwa Kiarabu. "Mwiko umetoka wapi?"

"Mwenzio mmoja kaona pako patupu, kapaona ni jikoni, katia mwiko."

Tulicheka sote, hata mkwe hatimaye, kwa kinyongo. Shangazi akaendelea kusoma kwa furaha mbaya. Futa chemni. Jaza mtungi. Chochea meko. Mwanamke wa Handeni akauliza mtungi uko wapi, maana humu ndani ameona mashine ya maji ya baridi na moto. Daftari zima halikuwa na friji, halikuwa na jiko la gesi, wala mashine ya kufulia, wala simu. Juu ya jalada palikuwa na tarehe ya harusi ya mkwe, miaka minne iliyopita. Nikawaambia, kwa sauti ile ninayoitumia kuchekesha wanafunzi, kwamba mtaalamu atakayeliokota daftari hili baada ya miaka mia tatu ataandika kitabu kuthibitisha kwamba Ibra ya zama zetu iliwaka kwa taa za chemni. Na atasema, nikaongeza, kwamba Wasuri na watu wa Ibra walikuwa na mwiko wa ajabu uitwao fundi wa paa, kwa kuwa anao ushahidi wa madaftari mawili...

Hapo nikaweka kikombe chini.

"Umemeza mfupa?" shangazi akauliza.

Nilikwenda garini nikachukua kompyuta. Picha za orodha zangu mbili hutembea nami kila mahali, kama wengine watembeavyo na picha za watoto. Nikazifungua ubavu kwa ubavu sebuleni kwa shangazi, sahani ya wali inapoa mbele yangu. Sikutazama sauti. Nilitazama kile ambacho sijawahi kukitazama: mpangilio. Bata, nguzo ya daraja, njiwa. Bata, nguzo ya daraja, njiwa. Fungu la vyombo: mahali pale pale wote wawili wameruka mstari. Fungu la nyota: wote wawili wameandika neno lile lile mara mbili. Karani wa pili hakumwita mgeni yeyote mlangoni. Hakusikia pla, hakusikia pa, hakusikia kitu. Aliletewa orodha ya kale na karatasi mpya, akanakili, akaenda kula. Na hiyo nguzo ya daraja, nadhani, ni kosa la karani wa kwanza, aliyechanganya karatasi ya fungu la majengo na ya fungu la ndege. Ndege wangu hakuwahi kuruka.

Dakika ishirini zilitosha. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kuzipata dakika ishirini, kwa kuwa kulinganisha nakala niliona ni kazi ya watu wasiofikwa na mawazo.

Shangazi alikuwa amekaa akinitazama. Nikamweleza, kwa ufupi, na kwa Kiswahili jambo lile lilisikika la kipumbavu zaidi kuliko kwa Kiingereza.

"Sasa huyo Mchina kakosa nini?" akasema. "Kaambiwa anakili, kanakili."

"Hakukosa yeye, shangazi. Nimekosa mimi."

"Basi sema umekosa, yaishe. Kosa halimvunji mtu mguu."

"Nikisema, uprofesa hakuna."

Akasogeza bakuli la tende karibu yangu. "Aa, hapo ngoja," akasema. "Mimi n'shawaambia watu. N'shamwambia hata yule mke wa imamu, na yule humjui kinywa chake. Kwani hilo si la kuweza kungoja hadi Jumatatu? Uwe profesa kwanza, halafu useme kosa. Kosa la profesa linapendeza."

Wote ambao ningeweza kuwauliza wangesema hivyo, ila shangazi alisema kwa lafudhi nzuri zaidi. Nilirudi Nizwa jioni ile, na njia nzima hadi Samail nilikuwa namtetea shangazi dhidi yangu. Nani atajua? Mfuga nyuki hasomi tena. Yule anayenichukia amenipinga kwa hoja za sauti tu miaka yote hii; naye hakuwahi kutazama mpangilio, kwa sababu naye ana shahada. Kamati haitasoma. Samaki ni wa watu ambao hawajui kwamba nipo. Hakuna atakayeumia. Ilikuwa hoja safi, na nilipofika njia panda ya Izki niliona imenikaa vizuri mno, kama kanzu ya kuazima inavyomkaa mtu wakati mwenyewe hayupo.

Nilimweleza mke wangu Jumamosi asubuhi, naye anapiga pasi. Mke wangu ni wa familia iliyotoka Bujumbura. Kiswahili chake ni cha bara, chenye Kifaransa na Kiingereza ndani yake kama mawe kwenye mchele, na hana subira na watu wa Unguja.

"Miaka kumi na tisa nalala na samaki huyo," akasema. "Leo ndiyo unaniambia amekufa?"

"Nakuomba ushauri."

"Huombi ushauri. Unataka niseme usipeleke barua, halafu ukikosa raha useme mke wangu ndiye aliyenizuia. Project nzima naijua hiyo. Mimi sisemi kitu. Chukua shati lako."

"Na wewe ungefanyaje?"

"Mimi ningetazama hizo karatasi zote mbili mwaka wa kwanza, babu wee."

Niliandika barua Jumamosi adhuhuri. Ningependa kusema niliandika kwa dhamiri. Haikuwa dhamiri. Kila nilipojaribu kuwaza Jumapili nikiwa nimeketi mbele ya watu watano, nikijibu swali kuhusu mashahidi wangu wawili, niliona mwandiko wa mwalimu wa kemia na neno mwiko pembeni, lililotiwa na mtu asiyependa kuona pako patupu. Mtu huyo nilikuwa namfahamu. Namnyoa ndevu kila asubuhi, kiooni. Barua ilikuwa na mistari mitano: naiondoa makala, kwa sababu orodha ya pili ni nakala ya ile ya kwanza na haiwezi kushuhudia lolote juu ya matamshi ya zama zake, sababu nimeambatisha, samahani kwa usumbufu. Sikutaja shangazi.

Jumapili nilifika chuoni saa moja na nusu ili niiache barua mezani na kuondoka kabla hajafika mtu. Katika chumba cha kikao alikuwapo mtu mmoja: mzee wa miswada, peke yake, kilemba kimefungwa vizuri kama kila siku, mafaili mbele yake, rula na penseli upande wa kulia. Nikamsalimia. Tulizungumza Kiarabu, lugha pekee tunayoshirikiana, naye hula maneno na kuongea polepole.

"Karibu, mtu wa Zinjibari," akasema. "Umewahi."

"Nimeleta barua, sheikh. Naondoa makala yangu."

Hakushangaa. Alinyoosha mkono, akaisoma mistari mitano yote, na sijapata kuona mistari mitano ikisomwa kwa muda mrefu hivyo. Kisha akavuta faili langu, akalifungua mahali palipokuwa na alama, akanigeuzia. Ilikuwa makala yangu, ukurasa wa korongo. Pembeni, kwa penseli, kwa Kiarabu, mwandiko mdogo kama mbegu za ufuta: *Huenda mnakili aliteleza. Mashahidi wawili au mmoja? Aulizwe.*

"Umeisoma?" nikasema. Naona haya kwa jinsi nilivyolitamka swali lile.

"Kwa kamusi. Kiingereza changu unakijua. Nimesikia umewahi kukisimulia." Hakutabasamu. "Siku kumi na moja. Sauti zako sizijui, wala Kichina sikijui. Lakini ndege anayeitwa nguzo ya daraja! Nikasema, huyu bwana hajawahi kunakili kitu maishani mwake. Aliyewahi kunakili anajua jinsi jicho linavyoruka."

Nilibaki nimesimama. Nilijaribu kuhisi wepesi ambao watu husema huwajia wakishasema kweli. Haukuja. Kilichokuja ni hasira, na hata hasira hiyo ilikuwa ndogo na chafu: kwamba kama ningenyamaza, angenikamata saa tatu na robo mbele ya wote; na kwa kuwa sikunyamaza, hata raha ya kujiona mwema alininyang'anya, maana nani sasa ataamini kwamba sikujua? Na chini ya hasira hiyo palikuwa na jambo baya zaidi. Katika miaka kumi na tisa hakuna mtu, hata anayenichukia, aliyewahi kunipa siku kumi na moja.

"Faili litarudi," akasema. "Miaka miwili kabla ya kuomba tena. Kanuni."

"Najua."

"Barua ni nzuri. Fupi. Makala ilikuwa ndefu."

"Ndiyo, sheikh."

Nikageuka kwenda. Nilikwisha shika kitasa aliponiuliza, kwa sauti ile ile, kama mtu anayeuliza saa:

"Na huyu wa pili, aliyenakili. Mnakili hawezi kuvumilia kazi nzima bila kuongeza lake. Baina ya maneno mia kadhaa lazima kuna machache aliyotia mwenyewe, ambayo ya kwanza haina. Hayo atakuwa ameyasikia. Ni yapi?"

"Sijui."

"Miaka mingapi unazo orodha hizi?"

Nikamwambia.

"Na hujui?"

"Sijawahi kutazama."

Alinitazama kwa dharau. Ninaijua dharau, nimeitumia maisha yangu yote na ninaweza kuipima kwa kijiko. Ile yake haikuwa na mchezo ndani yake, wala haikutaka mtu mwingine acheke. Akafunga faili langu, akaliweka chini kabisa ya mengine, akavuta kiti cha pembeni yake kwa mguu.

"Kikao ni saa tatu, na wenzetu huchelewa," akasema. "Fungua hizo picha zako. Kaa."

Nikakaa. Akaweka rula juu ya kioo cha kompyuta yangu, jambo ambalo wanafunzi wangu nisingewaruhusu, akaanza kushuka mstari kwa mstari, huku na huku, akitazama maumbo tu, midomo ikihesabu kimya. Aliponikuta nasoma sauti, alinigonga mkono kwa penseli. "Usisome. Tazama." Wenzake walipofika alifanya kikao chao kwa nusu saa mimi nimekaa nje kwenye kiti cha ukutani kama mtu anayesubiri daktari wa meno, wanafunzi wangu wa zamani wakipita na kunisalimia kwa adabu ya kupindukia, kisha akaniita tena ndani.

Hadi adhana ya adhuhuri tulikuwa tumefika ukurasa wa nne. Yeye, asiyejua herufi hata moja ya Kichina, alikwisha kuyaona maneno matatu ya nyongeza, na ameyatia nukta tatu za penseli kwenye kipande cha karatasi. Mimi sikuona hata moja.